Kuchagua mpako angavu wa kufanyia upya samani za mbao za zamani

Swali hili hunifikia karibu kila mwezi, nalo halibadiliki sana. Mtu amerithi kabati la vyombo la mninga kutoka kwa bibi yake, au amenunua viti vya mvule mnadani, mbao zimefifia na kuingia madoa, naye anataka kujua apake vanishi gani. Wengi hutarajia nitaje jina la kopo. Siwezi kulitaja, wala si kwa uchoyo, kwa kuwa jibu limo ndani ya samani yenyewe: ina nini juu yake sasa hivi, itatumikaje, na nani atairekebisha siku itakapokwaruzika. Mwongozo huu unahusu mipako angavu pekee, yaani ile inayoacha rangi na nyuzi za mbao zionekane.

Kabla hujaenda dukani, jiulize kwanza kama kuna haja ya kazi hii. Ikiwa ulichonacho ni kasha la njumu, kiti cha enzi au kitanda cha besera kilichochongwa kwa mkono, usikibandue. Weusi ule uliojikusanya kwa miaka pembeni mwa shaba na ndani ya nakshi ndio unaowafanya wajuzi wakithamini, na msasa wa saa moja huufuta pasipo njia ya kuurudisha. Kitu cha namna hiyo kipanguse kwa kitambaa kilichoguswa tapentaini, kikikauka kipake nta ya nyuki kidogo, kisha kiache. Yanayofuata ni kwa samani za kawaida za nyumbani: kabati, meza ya kulia, viti, dawati, rafu.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Spiriti, thina ya laka na tapentaini, kila moja kwenye chupa yake yenye jina.
- Msasa namba 120, 180, 220 na 320, pamoja na kipande cha ubao bapa cha kuuzungushia.
- Brashi mbili nzuri: ya nywele asilia kwa shelaki na vanishi ya mafuta, ya nailoni kwa vanishi ya maji.
- Vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi. Fulana kuukuu iliyofuliwa mara nyingi hufaa kuliko kitambaa kipya.
- Soksi ndefu ya nailoni ya kuchujia.
- Glavu, miwani na barakoa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuwaletea baadhi ya watu pumu, kwa hiyo barakoa si pambo.
- Kopo la chuma lenye mfuniko, lililojazwa maji nusu. Sababu yake utaiona mbele.

Mipako yenyewe

Shelaki hutokana na utomvu wa mdudu aitwaye Kerria lacca, anayelelewa juu ya miti huko India na Thailand. Huuzwa ikiwa vipande vyembamba kama magamba ya samaki, nawe huviyeyusha katika spiriti. Katika karne ya 19 ndiyo iliyopakwa kwenye samani nyingi nzuri, kwa hiyo kitu cha umri huo kina uwezekano mkubwa wa kuwa nayo. Hukauka upesi, huipa mbao rangi ya joto, na ina sifa moja ambayo kwangu inazidi nyingine zote: mkono mpya, yaani tabaka jipya la mpako, huyeyusha kidogo ule wa chini na kushikamana nao, hivyo mkwaruzo hutibiwa papo hapo bila kubandua chochote. Udhaifu wake pia haufichiki. Pombe huiyeyusha, sabuni kali huila, na sufuria ya moto ikiwekwa juu yake huacha alama.

Laka ya nitroselulosi ilianza kuenea katika viwanda vya samani miaka ya 1920. Hukauka kwa thina kuyeyuka hewani, nayo hujishika yenyewe kama shelaki, lakini ni ngumu zaidi. Mafundi wengi huipuliza kwa kompresa baada ya kupaka sila ya kuziba vinyweleo vya mbao. Harufu yake ni kali, na mvuke wake hushika moto kwa urahisi mno. Ndani ya chumba kilichofungwa sikushauri kabisa.

Vanishi ya mafuta, pamoja na ndugu yake poliyurethani, hukauka kwa namna nyingine: huungana na hewa na kugeuka kitu kipya kisichoyeyuka tena. Ndiyo maana huvumilia maji, pombe na joto, na ndiyo maana pia ni shida kuirekebisha, kwa kuwa kiraka chake huonekana na mara nyingi hulazimu uso mzima upigwe msasa upya. Vanishi ya maji hukauka haraka, haina harufu kubwa wala haigeuki kuwa ya njano. Juu ya mninga, hata hivyo, mimi huiona inaufanya mti uonekane umepauka, kama chai iliyozidishwa maziwa. Mafuta ya kitani na nta hupendeza mkononi, lakini ulinzi wake ni mdogo, na nta peke yake juu ya meza ya kulia ni kujidanganya.

Hatua kwa hatua

1. Tambua mpako uliopo. Tafuta mahali pasipoonekana: chini ya kiti, nyuma ya mguu, au ukingo wa ndani wa droo, ile ambayo wazee huiita mtoto wa meza. Lowesha pamba kwa spiriti, ibane hapo kwa nusu dakika, kisha ivute taratibu. Ikiwa inanata, inavuta uzi mwembamba kama wa asali na kuondoka na rangi ya kahawia, hiyo ni shelaki. Ikiwa hakuna kilichotokea, rudia pembeni kwa thina ya laka; ikilainika, ni laka. Ikiwa vyote viwili havikufua dafu, una vanishi ya mafuta au poliyurethani. Ikiwa tone la mafuta ya kitani linazama ndani ya mbao badala ya kukaa juu, basi hapo hapana utando wowote, bali pengine mafuta ya zamani tu. Jaribio hili huchukua dakika 5, na watu huliruka kuliko hatua nyingine yoyote.

2. Amua samani itatumikaje. Uso wa meza inayowekewa sufuria, vikombe na madaftari ya watoto unahitaji poliyurethani au vanishi ya mafuta. Kabati la vyombo, rafu ya vitabu, fremu ya kioo na ubao wa kichwani mwa kitanda havipati misukosuko hiyo, navyo hupendeza zaidi kwa shelaki. Viti viko katikati: mikono ya kiti hupata jasho na mafuta ya mwili, mambo ambayo shelaki haiyapendi, kwa hiyo mimi hupaka vanishi mahali panaposhikwa. Samani ya barazani inayopigwa na jua na mvua ina vanishi yake maalumu, ile iliyotengenezewa vyombo vya baharini, nayo hutakiwa kupakwa upya kila inapoanza kupoteza mng'ao.

Ikiwa jaribio la kwanza lilikuonyesha shelaki au laka ambayo haijapukutika, na matumizi si ya meza ya kulia, huna sababu ya kubandua. Safisha, piga msasa mwepesi namba 320, kisha ongeza mkono mmoja au miwili ya kitu kilekile. Umemaliza kazi kwa siku moja badala ya wiki mbili.

3. Safisha hadi kitambaa kitoke cheupe. Anza kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, ukikamua kitambaa vizuri, maana maji yakiingia kwenye viungo gundi ya zamani hulegea. Mbao zikikauka, pangusa kwa tapentaini ili kuondoa nta, na ubadilishe kitambaa mara kwa mara. Niliwahi kuiruka hatua hii juu ya meza ya mninga iliyokuwa ikipakwa nta kila sikukuu kwa miaka mingi. Nilipaka mikono 3 ya poliyurethani, ikang'aa kama kioo, na baada ya wiki chache mtoto akaanza kuibandua kwa kucha, vipande virefu kama ngozi ya nyoka aliyejivua. Kosa halikuwa la kopo.

4. Bandua, ikiwa ni lazima. Shelaki hutoka kwa spiriti na laka kwa thina, ukilowesha sehemu ndogo ndogo na kufuta kabla haijakauka. Vanishi ya mafuta na poliyurethani zinahitaji dawa ya kubandulia, iliyopakwa nene, ikaachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha ikakwanguliwa kwa kikwanguo cha plastiki. Yako mambo matatu ya kuyaepuka hapa. Usitumie kostiki soda, kwa kuwa huzifanya mbao nyingi ngumu ziwe nyeusi na kuachanisha viungo. Usianze na mashine ya msasa, kwani samani nyingi za miaka ya kati ya karne iliyopita zimevishwa vinia, ganda la mbao ambalo mara nyingi halifiki milimita 1, na mashine hulitoboa kabla hujatambua. Tena, ikiwa juu ya mbao kuna rangi ya zamani, usiipige msasa mkavu: rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa.

Hapa ndipo pia pa kuchunguza bungua. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga mweupe unaomwagika ukigonga, tibu kwa dawa ya wadudu wa mbao kabla ya kuendelea, la sivyo utamfungia mgeni ndani.

5. Piga msasa kwa kufuata mlalo wa nyuzi. Anza na namba 120 mahali palipoharibika tu, kisha 180, kisha 220 uso mzima. Mikwaruzo iliyokatiza nyuzi haionekani mbao zikiwa kavu. Mpako wa kwanza ndio unaoifichua, na wakati huo umechelewa. Kwa vanishi ya maji kuna jambo la ziada: lowesha uso kwa kitambaa chenye maji, acha ukauke, kisha piga tena namba 220 taratibu ili kukata vinyuzi vilivyosimama. Ukimaliza, ondoa vumbi kwa brashi kavu, halafu kwa kitambaa kilichoguswa tapentaini, na usubiri ikauke kabisa.

6. Jaribu kabla ya kuamua. Rangi unayoiona sasa siyo utakayoipata. Kitambaa chenye tapentaini kikipita juu ya mbao, rangi inayojitokeza kabla haijakauka inakaribia sana ile itakayoletwa na mpako angavu, na wengi hushtuka kuona mninga waliodhani umekufa ukiwaka wekundu wake tena. Baada ya hapo, paka mraba mdogo wa kila mpako unaoufikiria chini ya meza, uache hadi kesho yake, kisha uulinganishe mchana kwenye mwanga wa mlangoni. Weka tone la maji na tone la chai ya moto juu ya kila mraba kwa robo saa. Utaona mwenyewe kile ambacho maelezo ya kopo hayakuambii.

Zipo mbao zenye mafuta au utomvu unaozuia vanishi ya mafuta kukauka, na katika eneo letu zinazosumbua zaidi ni mvule, mtiki na mpingo. Kwa hizo, pangusa uso kwa thina dakika chache kabla ya kupaka, halafu weka mkono mwembamba wa shelaki iliyoondolewa nta kama kizuizi. Sisitiza dukani kwamba ni ile iliyoondolewa nta, kwa kuwa poliyurethani haishiki vizuri juu ya shelaki yenye nta yake.

7. Changanya kwa kiasi. Kwa shelaki, pima gramu 120 za magamba kwa lita 1 ya spiriti kwa mkono wa kwanza, na hadi gramu 240 kwa mikono inayofuata. Tumia chombo cha kioo au plastiki, si cha chuma. Acha usiku kucha ukitikisa mara mojamoja, chuja kwa soksi, na uandike tarehe kwenye chupa. Baada ya miezi 6 usiiamini tena bila kujaribu tone juu ya kioo: lisipokuwa gumu kufikia kesho yake, mwaga. Kwa vanishi ya mafuta, punguza mkono wa kwanza kwa sehemu 1 ya tapentaini kwa sehemu 4 za vanishi ili izame. Koroga polepole kwa kijiti, wala usitikise kopo, maana mapovu utakayoyatia yatakaukia mezani. Mimina unachohitaji kwenye kikombe. Brashi yenye vumbi ikirudi kwenye kopo, kopo lote limeharibika.

Ikiwa unataka uso usiong'aa sana, jenga mikono ya chini kwa vanishi ya kung'aa na uweke ile isiyong'aa kwenye mkono wa mwisho tu. Unga unaopunguza mng'ao hutulia chini ya kopo na, ukirundikwa mikono mitatu, hufunika nyuzi kama vumbi la kioo cha gari.

8. Paka. Chagua siku kavu. Pwani, wakati wa masika, unyevu huharibu shelaki na laka kabla hazijakauka, na vanishi ya mafuta huchukua muda mrefu zaidi. Asubuhi baada ya umande kukauka ndio wakati wangu, kivulini, upepo ukiwa mdogo. Paka mikono myembamba, brashi ikienda na nyuzi, ukitoka palipopakwa punde kuelekea pakavu. Kwa shelaki usirudi nyuma: ukiona umeruka mahali, paache hadi mkono ujao, kwani brashi inayorudi huvuta kilichoanza kukauka na kuacha mikunjo. Shelaki hungoja saa 1 hadi 2 kati ya mkono na mkono, vanishi ya maji saa 2 hadi 4, vanishi ya mafuta saa 24. Kati ya mikono ya vanishi piga msasa namba 320 hadi uso uwe na ukungu wa sare, kwa sababu mkono mpya hauna kingine cha kushikia isipokuwa mikwaruzo hiyo midogo. Mikono 3 inatosha kwa meza. Kwa kabati, 2.

Sasa lile kopo la chuma. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta hutoa joto vinapokauka, na vikikunjwa na kurundikwa pembeni vinaweza kuwaka vyenyewe, bila kiberiti, saa kadhaa baada ya wewe kwenda kulala. Vitumbukize kwenye maji na kufunika, au vitandaze kimoja kimoja nje juu ya zege hadi vikakamae. Hili si la kuahirisha mpaka ule kwanza.

9. Ngoja. Kukauka kwa kuguswa si kukomaa. Shelaki huhitaji kama wiki moja, vanishi ya mafuta hadi siku 30. Unaweza kuanza kuitumia meza mapema kwa uangalifu, lakini kitambaa cha meza cha plastiki kikitandikwa wiki ya kwanza kitaacha ramani yake hapo daima.

Mambo yakienda mrama

*Uso umekuwa na weupe kama ukungu.* Unyevu umenaswa ndani ya shelaki au laka. Ngoja siku kavu, kisha pitisha kitambaa kilichoguswa spiriti kwa shelaki, au puliza thina kidogo kwa laka. Utando utafunguka na unyevu utoke.

*Vimetokea vishimo vya duara kama macho ya samaki.* Hiyo ni silikoni iliyoachwa na polishi za kupuliza. Futa mpako ungali mbichi, osha uso mara kadhaa kwa tapentaini na vitambaa safi, zuia kwa mkono wa shelaki iliyoondolewa nta, ndipo urudie.

*Vanishi bado inanata baada ya siku 3.* Ama mbao ni za mafuta, ama mkono ulikuwa mnene, ama kopo ni la zamani. Ipe hewa na joto kwa wiki moja. Ikikataa, iondoe kwa tapentaini au dawa ya kubandulia na uanzie hatua ya 6. Kupaka mkono mwingine juu yake hakusaidii.

*Kuna mapovu na chembe za vumbi.* Piga msasa namba 320 baada ya kukauka, nyunyiza maji sakafuni kabla ya mkono ujao, na upunguze vanishi kidogo.

*Kuna duara la kikombe.* Tazama rangi yake. Likiwa jeupe, limo ndani ya mpako tu, nalo mara nyingi huondoka kwa kupitisha kwa wepesi sana kitambaa kilichoguswa spiriti, bila kusugua. Likiwa jeusi, maji yalipenya na chuma kikakutana na tanini, kemikali asilia zilizomo ndani ya mbao, kwa hiyo hakuna mpako utakaolifunika. Bandua eneo lote, yeyusha asidi ya oksaliki katika maji ya moto, paka uso mzima badala ya doa peke yake ili rangi isitofautiane, na rudia hadi weusi ukubali kuondoka. Vaa glavu na miwani, kwani ni sumu. Suuza mara kadhaa kwa maji safi, acha mbao zikauke siku 2, kisha vaa barakoa kabla ya kugusa msasa, maana chembe zilizobaki hukereketa koo vibaya.